Karatasi ya Michoro Haitibu Goti

Mgonjwa wa goti akitoka kliniki mara nyingi huwa amebeba vitu viwili. Cha kwanza ni pakiti ya vidonge vya kutuliza maumivu, yenye maandishi yanayoeleza vimezwe vingapi, mara ngapi kwa siku, kabla au baada ya chakula, na kwa muda gani. Cha pili ni karatasi yenye michoro ya mtu asiye na uso anayenyoosha mguu, na juu yake maneno matatu: "Fanya mazoezi haya." Mara ngapi kwa wiki? Kwa uzito gani? Yakiuma nifanyeje? Baada ya mwezi nibadilishe nini? Karatasi haijibu. Vidonge vimeandikwa kama dawa, mazoezi yametajwa wakati wa kuagana.

Ndiyo maana nasema mazoezi yanawashinda wagonjwa wengi wa viungo kwa sababu hutolewa bila dozi, bila maelezo na bila ufuatiliaji. Hakuna dawa ambayo ingefaulu ikitolewa hivyo. Na wale wanaoyapigia debe kupita kiasi, wakiahidi kwamba maumivu yatakwisha kabisa, nao wanachangia kuyaharibia jina, kwa kuwa mgonjwa aliyeahidiwa makubwa huacha mapema anapoona madogo.

Wanaohusika ni wengi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa wakiishi na osteoathraitisi, ile aina ya baridi yabisi inayoandamana na umri, uzito mkubwa na majeraha ya zamani. Hilo ni ongezeko la asilimia 113 tangu 1990. Goti peke yake lilikuwa na wagonjwa milioni 365. Asilimia 73 ya wenye ugonjwa huu wamevuka miaka 55, na asilimia 60 ni wanawake. Hakuna dawa iliyoidhinishwa ya kurudisha gegedu (ile tishu nyororo inayofunika ncha za mifupa kwenye kiungo) lililokwisha kulika, kwa hiyo karibu kila wanachofanyiwa watu hawa kinalenga kupunguza maumivu na kulinda uwezo wa kutembea, kupanda ngazi, kuinama na kuinuka.

Hofu ya kukisogeza kiungo kinachouma ina historia yake. Katika miaka ya 1860 daktari mpasuaji wa London, John Hilton, alitoa mihadhara iliyowafundisha madaktari wa kizazi chake na vizazi vilivyofuata kwamba pumziko ni tiba, na kwamba maumivu ni mwili unaodai pumziko hilo. Kwa viungo vilivyooza kwa maambukizi, enzi ambayo antibayotiki hazikuwapo, alikuwa na hoja nzito. Lakini ushauri ukavuka mipaka yake. Wagonjwa wa baridi yabisi wakalazwa kitandani kwa wiki nyingi, viungo vikafungwa visicheze. Hadi leo mzee aliyekula chumvi nyingi akilalamikia goti, watoto wake humwambia: "Baba, wewe kaa, tutakuletea." Wanasema kwa mapenzi, nami siwalaumu. Ila kila mwezi anaokaa paja linakonda, na kile alichokuwa akikifanya kwa tabu mwanzoni mwa mwaka, mwisho wa mwaka hakiwezi tena.

Kauli za kliniki nazo huchochea hofu hiyo. "Goti lako limesagika." "Mfupa unasuguana na mfupa." Mtu aliyeambiwa hivyo huanza kuliona goti lake kama tairi la gari: kila kilomita inapunguza kilichobaki, basi busara ni kuegesha. Mfano huo unapotosha kwa sababu tairi halina uhai. Gegedu lina chembe hai, na halina mishipa ya damu ya kuzilisha. Chakula chake linakipata kutoka kwenye ute wa kiungo, na ute huo huingia na kutoka vizuri pale kiungo kinapobanwa na kuachiwa, yaani mtu anapotembea, anapoinama, anapoinuka. Ukilipumzisha goti kwa miezi, unalinyima gegedu lishe yake.

Wakimbiaji wanatoa ushahidi wa kuvutia hapa. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2017 yalikuta osteoathraitisi ya goti na nyonga kwa asilimia 3.5 ya wanaokimbia kwa kujifurahisha, asilimia 10.2 ya wasiokimbia, na asilimia 13.3 ya wakimbiaji wa mashindano. Takwimu za namna hii hazithibitishi kwamba kukimbia kunalinda goti, maana mwenye goti bovu huacha kukimbia na kuhamia kundi la pili. Lakini zinatosha kumnyamazisha anayesema kwamba kila hatua ni hasara.

Kuhusu picha, niongeze jambo ambalo madaktari wanalijua na wagonjwa hawaambiwi. Mwaka 2012 watafiti nchini Marekani walichapisha matokeo ya kupiga picha za MRI magoti ya watu 710 wenye umri wa zaidi ya miaka 50, ambao eksirei zao hazikuonyesha osteoathraitisi. Asilimia 89 walikutwa na kasoro angalau moja: gegedu lililochakaa, vinundu vya mfupa, na mengineyo. Wenye maumivu na wasio na maumivu walikaribiana mno. Picha ya kutisha, basi, si hukumu. Wapo wenye magoti mabaya kwenye picha wanaopanda ngazi bila shida, na wapo wenye picha safi wanaoshindwa kulala. Mwongozo wa taifa wa Uingereza wa mwaka 2022 unaruhusu ugonjwa huu utambuliwe bila picha yoyote kwa mtu wa miaka 45 au zaidi ambaye kiungo chake kinauma akikitumia, na ambaye asubuhi hakikakamai, au kikikakamaa ni kwa muda usiozidi nusu saa.

Kama picha haielezi maumivu yote, nini kingine kinachangia? Jibu moja ni misuli, na hili ndilo linalowapa kazi wafiziotherapia, yaani wataalamu wa kutibu kwa mazoezi na mikono. Msuli mkubwa wa mbele ya paja ndio unaolishikilia goti unapoteremka ngazi na unaopunguza kishindo mguu unapogusa ardhi. Goti likivimba, mishipa ya fahamu hutuma ishara zinazozima sehemu ya nguvu za msuli huo. Mgonjwa hajakusudia wala hajazembea. Ni mwili wenyewe unaovuta breki. Majaribio ya kudunga maji ya chumvi kwenye magoti mazima yameonyesha kwamba mililita 20 hadi 30 tu zinatosha kuudhoofisha upande wa ndani wa msuli huo. Sasa fikiria goti lililovimba kwa miaka. Msuli umezimwa, kwa hiyo mtu analiepuka lile goti. Kwa kuliepuka, msuli unapungua zaidi. Kwa kupungua, kila hatua inakita kwenye kiungo bila kinga, goti linavimba tena, na mzunguko unaendelea. Vidonge hupunguza maumivu ya mzunguko huu, na wakati mwingine vinahitajika ili mtu aweze kuanza. Haviurudishi msuli.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe, na hapa nataka kuwa mkweli kuliko wengi wanaoandika kuhusu mazoezi. Mapitio makubwa ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaochambua tafiti za tiba, kuhusu mazoezi kwa osteoathraitisi ya goti, yaliyofanyiwa marekebisho mwaka 2024, yalikusanya majaribio 139 yenye washiriki zaidi ya 12,000. Yakilinganishwa na kutofanya chochote au huduma ya kawaida, mazoezi yalipunguza maumivu kwa takriban pointi 13 katika kipimo cha 0 hadi 100. Yakilinganishwa na tiba bandia (ile inayofanana na tiba lakini haina kitu ndani) au uangalizi tu usio na mazoezi, tofauti ilishuka hadi karibu pointi 9. Hiyo ni nafuu ya kiasi. Mtu aliyekuwa na maumivu ya 50 akabaki na 40 hajapona, na akiahidiwa kupona atajiona ametapeliwa.

Kuna majaribio yanayouma zaidi. Mwaka 2021 ulichapishwa utafiti wa Marekani wa watu 377 wenye goti bovu, uliolinganisha mazoezi mazito ya nguvu, mazoezi mepesi, na kundi lililohudhuria mikutano ya mafunzo ya afya tu. Baada ya miezi 18 makundi hayo hayakutofautiana kwa maana yoyote katika maumivu. Mwaka uliofuata Wadenmaki walichapisha jaribio la watu 206: nusu walipata programu ya wiki nane ya elimu na mazoezi, nusu wakadungwa maji ya chumvi ndani ya goti, tena wakiambiwa wazi kwamba ni maji ya chumvi. Matokeo yalilingana. Wapinzani wa fiziotherapia wameyashika matokeo haya kwa mikono miwili.

Siwezi kuyafumbia macho. Yananiambia kwamba sehemu kubwa ya nafuu anayoipata mgonjwa inatokana na kusikilizwa, kuelezwa, kupangiwa siku ya kurudi, na mwendo wa asili wa ugonjwa ambao hupanda na kushuka. Mtu hutafuta msaada siku mbaya, na baada ya siku mbaya mara nyingi huja siku afadhali. Lakini hitimisho la "basi mazoezi ni bure" halifuati. Mgonjwa yuko mbele ya meza yenye vidonge, sindano, virutubisho, upasuaji na mazoezi, na lazima achague kitu. Kwa hiyo mazoezi yapimwe kwa mizani ileile inayovipima hivyo vingine. Nayo mizani hiyo haivihurumii.

Chukua sindano ya steroidi, dawa ya kutuliza uvimbe inayodungwa ndani ya goti, kipenzi cha kliniki nyingi kwa kuwa inamalizika kwa dakika chache na mgonjwa anatoka akitabasamu. Jaribio lililochapishwa mwaka 2017 liliwafuatilia wagonjwa 140 kwa miaka miwili, wengine wakidungwa steroidi kila baada ya wiki 12 na wengine maji ya chumvi. Waliopata steroidi walipoteza gegedu zaidi, na maumivu yao hayakuwa na tofauti ya maana na ya wenzao. Miaka mitatu baadaye, mwaka 2020, jaribio jingine likaipambanisha sindano na fiziotherapia ana kwa ana kwa wagonjwa 156 katika hospitali za jeshi la Marekani. Kipimo kilikuwa cha 0 hadi 240, kadiri alama zinavyopanda ndivyo hali inavyokuwa mbaya. Baada ya mwaka mmoja, waliodungwa walikuwa na wastani wa 55.8, waliofanyiwa fiziotherapia 37.0.

Hilo la mwisho linastahili kutazamwa kwa ndani, kwa sababu fiziotherapia waliyopata haikuwa karatasi. Walionana na mtaalamu hadi mara nane katika wiki nne hadi sita za mwanzo. Mtaalamu alikishika kiungo kwa mikono, akakipima, akachagua zoezi, akalibadilisha kulingana na goti lilivyoitikia. Kisha mwezi wa nne na mwezi wa tisa wakarudi kupimwa, na aliyehitaji akaongezewa vikao. Nikiulizwa kiini cha matokeo yale kiko wapi, nitayataja marudio hayo kabla ya kulitaja zoezi lolote.

Upasuaji wa kusafisha goti kwa kamera nao ulikuwa na miongo yake ya fahari. Mwaka 2002 timu ya Bruce Moseley huko Houston ilichapisha jaribio la wagonjwa 180, ambapo baadhi walichanjwa ngozi tu na kushonwa bila chochote kufanywa ndani. Katika miaka miwili ya ufuatiliaji, waliosafishwa goti hawakupata nafuu kuwazidi waliodanganywa. Vidonge vya glukosamini, kirutubisho kinachouzwa kwa ajili ya viungo, vilijaribiwa mwaka 2006 kwa watu 1,583, na kwa ujumla havikuishinda tiba bandia. Hata parasetamoli, mwongozo wa Uingereza wa 2022 umeacha kuipendekeza kwa matumizi ya kawaida katika ugonjwa huu. Mwongozo huohuo unasema mazoezi ya tiba yatolewe kwa kila mgonjwa wa osteoathraitisi. Pointi 9 au 13 si muujiza, lakini washindani wake wengi hawafiki hapo, na wengine wana gharama kwa tumbo, figo au gegedu. Isitoshe, kutembea na kunyanyua kunausaidia moyo, sukari ya damu na usingizi.

Twende basi kwenye dozi.

Zoezi moja tu nitalieleza kwa kirefu, kwa sababu mtu akilielewa hilo ameelewa mengine. Kaa kwenye kiti, nyayo sakafuni, mikono imekunjwa kifuani. Simama. Kaa taratibu, bila kujitupa. Hapo umelifanyisha kazi paja, kalio na nyonga, katika mwendo uleule unaouhitaji kila siku. Kama huwezi kabisa, panga mto au ubao kwenye kiti kiwe juu zaidi, au tumia mikono kidogo. Fanya mara 8 hadi 12, pumzika dakika moja au mbili, rudia mizunguko miwili au mitatu. Siku tatu kwa wiki zinatosha mwanzoni, na siku moja ya kupumzika katikati. Kipimo cha uzito sahihi ni kwamba mara mbili au tatu za mwisho ziwe ngumu kweli. Zikiwa rahisi, dozi ni ndogo: punguza urefu wa kiti, shika mzigo mikononi, au rudisha mguu mzuri nyuma kidogo ili mguu mbovu ubebe zaidi. Anayefanya mara kumi zilezile, kwa kiti kilekile, kuanzia mwezi wa kwanza hadi wa sita, anatunza alichonacho na haongezi kitu.

Kwenye msingi huo mtaalamu ataongeza kupanda na kushuka kidato kimoja cha ngazi, kuinua kiuno ukiwa umelala chali, kuinua mguu pembeni kwa ajili ya nyonga, na shughuli ya kuupa moyo kazi: kutembea, baiskeli, au maji ya bwawa kwa wale ambao uzito wa mwili unawaelemea nchi kavu. Aina haina umuhimu mkubwa kama watu wanavyodhani. Mwaka 2016 tai chi, mazoezi ya polepole ya asili ya Kichina, ililinganishwa na fiziotherapia ya kawaida kwa wagonjwa 204, na nafuu ikalingana. Anayechukia mashine za jimu asiende jimu.

Kuhusu wingi, kuna habari njema kwa wavivu, mimi nikiwemo. Utafiti wa Sweden na Norway uliochapishwa mwaka 2023 uliwagawa wagonjwa 189 wa goti: kundi moja lilifanya mazoezi dakika 70 hadi 90 kila kikao, jingine dakika 20 hadi 30, mara tatu kwa wiki kwa wiki 12. Nafuu zao kwa jumla zilikaribiana. Nusu saa, basi. Mtu asiseme hana muda wa saa moja na nusu kwa sababu hakuna aliyethibitisha kwamba anauhitaji.

Swali linalowatoa watu kwenye mazoezi ni lile la maumivu, na hapa karatasi ya michoro hushindwa vibaya kuliko kote. Mgonjwa anaanza Jumatatu. Jumanne goti linauma kuliko Jumapili. Kwa akili ya kawaida anahitimisha kwamba amejiumiza, na hana wa kumuuliza. Kumbe kuongezeka kwa maumivu wiki za mwanzo ni jambo linalotarajiwa, na alipaswa kuambiwa kabla. Kanuni ambayo wafiziotherapia wengi huitumia ni hii: katika kipimo cha 0 hadi 10, maumivu hadi 5 wakati wa zoezi yanavumilika, mradi ndani ya saa 24 yarudi pale yalipokuwa. Yakivuka hapo, au kiungo kikivimba zaidi kesho yake, punguza dozi. Toa mzunguko mmoja, inua kiti, fupisha matembezi. Usiache. Anayeacha kabisa kwa wiki tatu akaanza upya kwa kiwango kilekile anajitafutia maumivu yaleyale, kisha atasema mazoezi hayamfai. Nafuu ya kueleweka huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili. Aliyeambiwa hivyo hupiga moyo konde. Asiyeambiwa huondoka wiki ya pili.

Uzito wa mwili niuguse kwa ufupi, kwa kuwa wagonjwa wanene wamechoka kusimangwa. Utafiti wa mwaka 2005 ulionyesha kwamba kila kilo moja anayopunguza mtu mwenye goti bovu inaliondolea goti mzigo wa takriban kilo nne katika kila hatua. Kwa hiyo hata kilo tano zina maana. Fimbo nayo inasaidia, ishikwe kwa mkono wa upande mwingine, si upande wa goti au nyonga inayouma. Wengi huishika kinyume.

Hadi sasa nimezungumzia osteoathraitisi. Athraitisi ya rumatoidi ni mnyama mwingine: kinga ya mwili inaushambulia utando wa viungo, mara nyingi vidole na viganja vya pande zote mbili, na asubuhi viungo vinakakamaa kwa zaidi ya nusu saa, pengine saa nzima au zaidi. Hapa dawa za kuituliza kinga, kama methotreksati, ndizo nguzo, na kuzichelewesha ili kujaribu mazoezi kwanza ni kosa linaloweza kugharimu viungo. Lakini hata hapa imani ya zamani ya kitanda imeanguka. Uholanzi, katika jaribio lililochapishwa mwaka 2003, takriban wagonjwa 300 walifuatiliwa miaka miwili, nusu yao wakifanya mazoezi makali mara mbili kwa wiki, dakika 75 kila mara. Uwezo wao wa kufanya shughuli uliongezeka, na ugonjwa haukuchachamaa kwa sababu ya mazoezi. Tahadhari iliyobaki ilihusu wale ambao viungo vyao vikubwa vilikuwa vimeharibika sana tangu mwanzo, ambao wanahitaji programu ya kupimiwa. Kwa mikono, jaribio la Uingereza la mwaka 2015 lenye wagonjwa 490 lilionyesha kwamba mazoezi ya kunyoosha na kutia nguvu vidole, yakiongezwa juu ya dawa, yaliboresha kazi za mkono kwa mwaka mzima. Ugonjwa unapolipuka, viungo vikiwa vya moto na vimevimba, mazoezi ya nguvu yanasimama kwa muda na kubaki yale ya kukunja na kukunjua taratibu.

Kuna hali ambazo hazingojei mazoezi hata siku moja. Kiungo kimoja kilichovimba ghafla, chekundu, cha moto, pamoja na homa, kinaweza kuwa na usaha ndani; hiyo ni dharura ya saa, si ya wiki. Jongo huweza kufanana nayo, ndiyo sababu uamuzi ni wa daktari. Kushindwa kukanyaga baada ya kuanguka, maumivu yanayozidi usiku bila kupoa, au kupungua uzito bila sababu, vyote vinataka uchunguzi kwanza.

Nirudi kwa wafiziotherapia, maana baadhi yao nao wana deni. Zipo kliniki ambazo mgonjwa hulala kitandani nusu saa, akachomekwa mashine ya umeme, akapitishiwa kichwa cha ultrasaundi, akawekewa taa ya joto, kisha akapangiwa vikao kumi vingine vya namna hiyohiyo. Sina ugomvi na joto. Linapendeza na linalegeza. Lakini mwongozo wa Uingereza niliokwisha kuutaja unasema mashine za umeme, ultrasaundi na leza zisitolewe kwa osteoathraitisi, na tiba ya mikono, ikitolewa, iambatane na mazoezi. Mgonjwa anayelipia vikao kumi vya kulala anafundishwa kwamba goti lake hutibiwa na mtu mwingine. Siku vikao vikiisha, tiba nayo imekwisha.

Mfano ulio kinyume na huo upo Denmark tangu 2013, kwenye programu iitwayo GLA:D iliyoanzishwa na watafiti Ewa Roos na Søren Skou. Inaanza na vikao viwili vya elimu: ugonjwa ni nini, picha inasema nini na haisemi nini, maumivu yapi yavumiliwe. Ndipo yanafuata mazoezi ya kikundi mara 12 ndani ya wiki sita, chini ya macho ya mfiziotherapia, na mgonjwa anapimwa mwanzoni na baadaye. Imesambaa hadi Kanada, Australia na kwingineko. Ni programu hiyohiyo iliyotoka sare na maji ya chumvi, nami sijalisahau hilo. Bado naitetea, kwa sababu maji ya chumvi hayamfundishi mtu afanye nini goti likimgeuka mwakani. Udhaifu wa mazoezi, ambao tafiti nyingi zinaukubali, ni kwamba faida hufifia miezi michache baada ya usimamizi kwisha. Watu huacha. Dawa ya shinikizo la damu nayo huacha kufanya kazi mtu akiacha kuimeza, na hakuna anayesema kwa hiyo ni dawa mbovu. Kliniki humpangia tarehe ya kurudi. Mwenye goti bovu apangiwe tarehe vilevile: mwezi wa tatu, wa sita, wa tisa, hata kwa dakika ishirini za kupima amefika wapi na kupandisha dozi.

Wapo watakaohitaji kubadilishiwa goti, na si haki kuwazungusha miaka mingi kwa jina la mazoezi. Mwaka 2015 Skou na wenzake walichapisha jaribio la wagonjwa 100 waliokuwa tayari wamestahili upasuaji huo. Nusu walipasuliwa kisha wakapata programu ya mazoezi, elimu, lishe na dawa. Nusu wakapata programu hiyo bila kisu. Baada ya mwaka, waliopasuliwa walikuwa wamepanda pointi 32.5 katika kipimo cha 0 hadi 100, ambacho safari hii kupanda ni nafuu, wenzao 16.0. Upasuaji ulishinda bila ubishi. Lakini matatizo makubwa ya kiafya yalikuwa 24 kwa waliopasuliwa dhidi ya 6, na katika kundi lisilopasuliwa ni asilimia 26 tu walioamua kupasuliwa ndani ya mwaka huo. Robo tatu ya watu waliokuwa mlangoni mwa chumba cha upasuaji walipata nafuu ya kuwatosha kuahirisha.

Hata anayepasuliwa haepuki mazoezi. Siku hiyohiyo au kesho yake mfiziotherapia atakuja kitandani kumsimamisha, na wiki zitakazofuata atahesabiwa nyuzi za kukunja goti, hatua za kutembea na vidato vya ngazi, kila kimoja na tarehe yake ya kukaguliwa. Programu kamili, yenye idadi, uzito na mtu wa kuuliza, anaipata wakati goti lake la asili limekwisha kutolewa. Ingeweza kuandikwa miaka kumi kabla.